Senti Yenye Dole la Mama

Nilipoingia sebuleni nilimkuta dada kazipanga sarafu za baba juu ya taulo jeupe, zinameremeta kama meno ya bandia.

"Usikanyage hapo," akaniambia. "Bado zinakauka."

Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji. Pembeni kulikuwa na bakuli la maganda ya ndimu, chumvi, na kile kitambaa chake cha kusugulia masufuria. Dada ni mpishi wa kantini kiwandani, mwanamke ambaye kijiko kikiwa na doa yeye halali. Alikuwa amechoka na alikuwa anatabasamu. Tangu baba alazwe sikuwa nimemwona akitabasamu.

"Baba akirudi kesho akute vitu vyake visafi," akasema. "Zilikuwa nyeusi, jamani! Masizi matupu. Mtu anapenda vitu vyake hivi, halafu watoto wake wanaviacha vichakae? Watu watasema kazaa magogo."

Mimi mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Fundi wangu kashanifukuza kazi kwa ajili ya mdomo, na akanirudisha, na akanifukuza tena. Lakini siku ile ulimi uligoma. Nilikuwa naitafuta senti moja. Nikapitisha macho mstari kwa mstari mpaka nikaiona, kule karibu na pindo la taulo. Nyekundu, tupu, kama imezaliwa asubuhi ile.

Nikainama nikaiangalia kwa karibu. Dole halipo.

"Hiyo ndiyo iliyonitesa kuliko zote," dada akasema. "Ilikuwa na alama ya kidole, imeng'ang'ania kama kupe. Nimeisugua mpaka bega likauma. Si imetakata?"

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Ngoja niseme hizi sarafu ni nini, maana mtu anaweza kudhani ni chenji.

Baba alikuwa karani wa posta, dirisha la stempu. Alikuwa kijana siku nchi ilipobadilisha hela. Kabla ya hapo, anasema, hesabu ilikuwa mateso. Kumi na mbili za hizi zinafanya moja ya zile, ishirini za zile zinafanya noti, na mtu anakuja na noti anataka stempu moja na chenji yake, mnatoleana macho mpaka foleni inatukana. Halafu ikaja hela ya mia. Senti mia, kitu kimoja, kwisha. Asubuhi ya siku ya kwanza zililetwa posta zimefungwa kwenye karatasi kama biskuti. Baba akachana karatasi, akasikia harufu. Anasema hakuna manukato yaliyowahi kuifikia ile harufu. Akajinunulia moja moja kwa mshahara wake, kuanzia senti moja ya shaba mpaka ile kubwa nyeupe, akazikunjia kwenye karatasi laini, na ugonjwa ukaanzia hapo. Maana ulikuwa ugonjwa. Tangu siku ile alizisaka za miaka ya mwanzo tu. Zilizotoka baadaye aliziita vifuniko vya soda.

Nyumbani kwetu ungeweza kuvunja sahani usisemwe. Sarafu, hapana. Sarafu haishikwi usoni. Inashikwa ukingoni, kwa vidole viwili, kama umemkamata nzi ambaye hutaki kumuua. Haiwekwi kwenye plastiki laini, plastiki inatoa jasho, sarafu inaota kijani. Ikiwa na gundi unailoweka kwenye yale maji yasiyo na chumvi ya kuongezea betri, unaiacha humo hata wiki, halafu unaigusisha tu kwenye pamba. Husugui. Kusugua ndiyo dhambi isiyo na toba.

"Sarafu ina ngozi," baba alikuwa anasema. "Ule weusi ni ngozi yake, imeiota yenyewe miaka na miaka. Ukiisugua hujaisafisha. Umeichuna."

Na mimi mwanawe, nilipoacha shule kidato cha pili, nikaenda kupata kazi wapi? Kwa fundi wa kung'arisha vyuma. Rimu, vitasa, mabomba, vikombe vya washindi. Kutwa nasimama mbele ya mota yenye gurudumu la kitambaa, nachuna. Baba alininunia. Halafu siku moja, tunakula, akaweka kijiko chini akasema, "Mungu naye ana utani. Mimi kunipa mtoto mchunaji!" Mama akacheka mpaka akapaliwa.

Mama sarafu hazikumhusu. Alikuwa anaziita wake wenza. "Waache wake wenzangu uje ule," anamwita baba. Au wakigombana, "Nenda kalale nao huko, wana baridi kama wewe."

Sasa kuna siku, mimi bado nanyonya, mama alikuwa anakaanga, mikono mafuta matupu, akaingia chumbani kumwita baba. Akaiona ile senti moja ya siku ya kwanza iko mezani. Ilikuwa bado nyekundu, baba aliitunza haijapigwa hata na upepo. Mama akaiokota. Kwa uso. Dole gumba katikati kabisa. "Hivi hiki ndicho kina nini hasa?" Baba akapiga kelele majirani wakaja na fimbo wakidhani nyoka.

Akaiosha, akaikausha, akadhani imepona. Haikupona. Shaba mpya ikiguswa na mafuta ya mtu, haisahau. Baadaye, kidogo kidogo, dole likajitokeza, kahawia, mstari kwa mstari, hadi lile kovu la sindano. Mama alikuwa fundi cherehani, sindano iliwahi kumpitia kidole mpaka ukucha. Basi wakanuniana upya. Wageni wakija mama anawaambia, "Mwenzenu nusura niachike kwa senti moja."

Halafu mama akafa. Presha. Asubuhi alikuwa anapima mteja suti, jioni tunatafuta sanda. Picha zake tunazo chache, na zote kafumba macho au kageuka, alikuwa hapendi kupigwa. Nguo zake wakachukua mashangazi.

Baada ya msiba nikamkuta baba mezani kwake, kioo cha kukuzia kiko jichoni, kaishika ile senti ukingoni. Nikataka kumtania. Nikaona shavu lake limelowa. Akanivuta, akanipa kioo.

"Angalia. Huyu hapa mama yako. Amebaki hapa tu."

Nikaangalia. Nikaona mistari, nikaona kovu. Nilikijua kile kidole. Kilishanifinya sikio mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Dada yako usimwambie," baba akasema. "Yeye ndiye aliyemfumba macho mama yake. Akijua, atakuwa anakuja kulia hapa kila siku, na mimi sitaweza kumtazama."

Ndiyo maana dada hakujua. Lile zogo la zamani alilisikia kama sisi sote, lakini alidhani senti ilishatupwa au ilishasafishwa. Yeye aliona doa. Na dada akiona doa, umekwisha.

Na hospitali, siku ile daktari alipotuita kwenye korido akasema mzee akapumzike nyumbani, tukajua maana yake. Niliporudi kitandani kwake, baba akanishika shati. Pumzi inakata, lakini macho makavu.

"Nikifika tu," akaniambia, "kitu cha kwanza, nipe mama yako nimwangalie."

Dada aliyekuwa anakunja shuka akanitazama, akatikisa kichwa. Alidhani anaweweseka. Mimi nilijua hakuwa anaweweseka.

Basi nimekaa pale kwenye ngazi, dada akatoka, akasimama nyuma yangu anapangusa mikono.

"Umenuna? Kwa sababu sikukuita unisaidie? Si wewe ndiye bingwa wa kung'arisha, nimekupokonya tenda?"

"Kazi nzuri," nikasema.

"Mbona unaisema kama unatema?"

"Nimechoka, dada."

"Haya. Mimi naingia zamu. Kesho asubuhi na mapema naenda moja kwa moja kumchukua baba na teksi ya jirani. Wewe pika uji, na usiuunguze."

Alipoondoka nikaenda dukani nikanunua mayai. Usicheke. Kazini kwetu kuna wateja wanaotaka kitasa kipya kionekane cha zamani, na fundi alinifundisha: chemsha yai, liponde likiwa moto, litie kwenye kopo pamoja na chuma chako, visigusane, funika kabisa. Ule uvundo wa kiini unaivisha shaba, inakuwa kahawia yenyewe. Nikachemsha, nikaponda, nikazipanga sarafu kwenye kopo la biskuti juu ya kipande cha wavu, nikafunika, nikakaa nalitazama kama mtu anayesubiri mkate uumuke. Nyumba nzima ikanuka.

Zilipotoka, zile za shaba zilikuwa kahawia kweli. Nyeupe zikawa na umanjano, kama meno ya mvuta sigara. Kwa mbali zilidanganya. Tatizo ni kwamba baba hakuwahi kuangalia sarafu kwa mbali.

Ile senti moja sikuiweka kwenye kopo. Niliishika ukingoni nikaigeuza, nikaigeuza tena. Weusi unaweza kuuigiza. Dole la mtu utaliigizaje? Hata kama ningeweka langu, mimi sina kovu la sindano, na baba angejua kabla sijafunga mlango. Nikaikunja kwenye karatasi laini nikaitia mfukoni. Mpango wangu ulikuwa huu: mimi mwenyewe nitamkabidhi baba sanduku lake la sarafu, dada akiwa jikoni, na la senti nitajua mbele kwa mbele.

Walimleta asubuhi. Jirani na mimi tulimbeba mpaka sebuleni, kwenye kile kitanda tulichokisogeza dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Hakuwa na uzito. Alikuwa kama koti lililotolewa mtu ndani.

Tulipomlaza akanusa.

"Nani kapika mayai?"

"Mimi," nikasema.

"Uji nilisema, siyo mayai," dada akadakia. Akaingia jikoni kumkaangia baba viazi, maana alikuwa kaomba njiani. Nikamshukuru Mungu. Nikaenda kulichukua sanduku. Lakini dada alikuwa na haraka ya furaha yake. Nikiwa bado chumbani nikamsikia anatoka jikoni anaimba, akanikuta mlangoni, akanipokonya sanduku mikononi.

"Nimpe mimi! Hii ni zawadi yangu." Akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, fumba macho. Haya fumbua."

Akafungua. Na yeye mwenyewe akaguta.

"Ah! Umefanya nini?" Alikuwa ananiuliza mimi. "Nimezisugua siku nzima zikawaka, mbona zimekuwa hivi? Na zinanuka! Wewe una akili kweli?"

Baba alizitazama. Hakuhitaji kioo. Akatia vidole viwili, akainua moja ukingoni, akaielekeza dirishani, akairudisha. Akainua nyingine. Sarafu ikichunwa huwa inabakiza mikwaruzo midogo midogo kama nywele, na mikwaruzo ile mayai hayawezi kuifuta. Akaziona. Akafunga sanduku polepole.

"Mmoja kachuna," akasema, "mwingine kapika." Akajaribu kucheka, kikatoka kikohozi. Kikohozi kilipopoa akaninyooshea mkono. "Nipe mama yako."

Nifanye nini? Nikatoa karatasi mfukoni, nikaikunjua, nikamwekea senti kiganjani.

Akaomba kioo. Nikampa. Akaangalia. Akaigeuza akaangalia nyuma, akarudi mbele, akaisogeza kwenye mwanga. Alikaa hivyo. Nilisikia mafuta yanachachatika jikoni, na dada hakuinuka kwenda kuyatazama. Alikuwa anamtazama baba, halafu ananitazama mimi, halafu anaitazama senti.

"Kasema apewe mama," akaniambia taratibu. "Mbona wewe umempa senti?"

Baba akashusha kioo.

Dada si mjinga. Nilimwona akifika mwenyewe, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akageuza mkono wake akaangalia dole gumba lake. "Lile doa," akasema. "Lile dole. Yale mafuta, siku ile ya kelele..." Akaziba mdomo.

"Mimi ndiye niliyekuficha," baba akasema.

"Nimemsugua mama." Alikuwa hasikii. "Nimemsugua mama kwa ndimu na chumvi. Baba, nimemsugua kwa kitambaa cha masufuria."

Akaanguka pale pale kwenye magoti yake, kichwa sakafuni. Mimi nikaenda kuzima jiko kwa sababu viazi vilikuwa vinaungua na sikuweza kusimama pale. Nilirudi nikakuta baba anampapasa kichwa kwa ule mkono wenye bomba la sindano lililoachwa.

"Inuka, mama," anamwambia. Tangu utotoni anamwita hivyo. "Inuka, njoo karibu. Hapana, mikono usipanguse. Umekaanga?"

"Ndiyo, baba."

"Ina mafuta?"

"Ndiyo."

"Acha hivyo hivyo." Akamnyooshea ile senti. Dada akaipokea ukingoni, kwa vidole viwili, kama tulivyofundishwa tangu tunaota meno. "Siyo hivyo. Ishike usoni."

"Baba, siwezi."

"Nimewafokea maisha yenu yote. Leo nasema ishike. Dole gumba, katikati. Bonyeza."

"Lakini halitakuwa la kwake."

"Halitakuwa la kwake," baba akasema. Hakumdanganya. "Ila shaba ikiwa uchi hivi ndiyo inashika. Bonyeza, mwanangu."

Dada akabonyeza. Alikuwa analia na kamasi zinamtoka, na alibonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Alipoinua dole hapakuwa na kitu cha kuona, ukungu wa mafuta tu uliokimbia mara moja.

"Linatokea baada ya muda gani?" nikauliza, ingawa nilijua. Nilitaka mtu aseme kitu.

"Miezi," baba akasema. Akatazama dirishani. "Nyinyi mtaliona."

Akaichukua senti. Nilisogeza karatasi niikunje, akakataa kwa kichwa. Akabaki nayo.

Hakumaliza wiki. Ilikuwa mchana, dada anambadilisha mto, mimi nasukuma dirisha lililokwama ili apate hewa. Dada akasema jina la Mungu kwa sauti ya chini, nikageuka. Ngumi ya kulia ilikuwa imefumbwa. Tulipoifungua, ile senti ilikuwa ndani, imelala kwa uso kwenye nyama ya kiganja, imelowa jasho. Yule mzee aliyekuwa akizigusa sarafu kama nzi, alikufa kaikumbatia moja kwa mkono mzima.

Hatukuifuta. Dada alileta karatasi, mimi nikaikunja.

Nilirudi kazini. Fundi akaniletea sinia la shaba la mteja, la mirathi, jeusi tii, anataka liwake. Nikaliweka chini, nikamwambia hili mpe mwingine. "Leo mchunaji kaona huruma?" akanitania. Nikachukua rimu nyingine, na kwa mara ya kwanza hakunifukuza.

Dada akija nyumbani alikuwa anauliza, "Limetokea?" Halisogelei sanduku. Anauliza akiwa mlangoni, bado na kanga ya kantini, kama mtu anayeulizia mgonjwa. Nikawa namwambia bado, na kweli ilikuwa bado. Halafu siku moja nikaikunjua nikaona limetokea. Nikaangalia kwa kioo cha baba, nikasogea dirishani, nikaangalia tena. Ningeweza kuendelea kumwambia bado. Lakini dada alishafichwa vya kutosha katika nyumba hii.

Alipokuja nikamwekea kiti. "Kaa. Shika kioo, angalia mwenyewe."

Aliangalia kwa muda mrefu, mpaka akabadilisha mkono.

"Naona doa tu," akasema.

"Ndiyo."

"La nani?"

"Jasho la baba, alivyoishika. Lako liko chini yake. Hapo pembeni, ona, mistari miwili mitatu, hiyo ni yako."

Akaangalia hiyo mistari. Nilijua anatafuta nini, maana na mimi nilishalitafuta: kovu la sindano. Halikuwepo. Mama hakuwepo.

Dada akanirudishia kioo. Akaikunja senti kwenye karatasi yake, ukingoni, kwa vidole viwili, akaiweka sandukuni, akafunga. Halafu akaingia jikoni. Nikamsikia anafungua bomba, anaosha vyombo nilivyokwisha kuviosha.